Tumbo la mwanamke na uvimbe wa shingo

Mafundisho ya kipindi cha wamama. Somo: Marko 5, 25–34

 Mafundisho ya leo ni ya wamama. Lakini wababa, msizime redio. Mtaona mbele kwa nini.

Somo letu ni lile la mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12. Mnalijua. Tumezoea kuhubiri mwisho wake: imani ya mama yule, mkono wake uliogusa nguo, Yesu anayegeuka na kuuliza ni nani amemgusa. Leo tunaomba tubaki kidogo mwanzoni. Marko anaweka habari hii katikati ya habari ya binti Yairo, na binti yule alikuwa na miaka 12. Maana yake ni kwamba maisha yote ya mtoto yule, tangu kuzaliwa mpaka kulala mauti, mama huyu alikuwa anatoka damu. Na kadiri ya sheria ya Walawi, sura ya 15, alihesabiwa kuwa najisi yeye, na kitanda alicholalia, na kiti alichokalia. Hakuwa na ugonjwa tu. Alikuwa amefungiwa nje. Tena Marko anaongeza neno ambalo tunalipita haraka: alikuwa amekwenda kwa waganga wengi, amemaliza mali yake yote, na hali ilizidi kuharibika.

Basi sisi hapa Kalemie tunawajua wamama hao. Barua na simu zinazofika redioni, nyingi zinasema jambo moja kwa njia mbalimbali. Mwezi unakuja mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mwezi umepotea tangu Pasaka na mimba hakuna. Damu inatoka nyingi mpaka ninashindwa kwenda Misa. Nimeolewa miaka minne, mama mkwe ananitazama vibaya. Na karibu na mwisho wa barua, kama jambo dogo, mama anaongeza: tumena tumbo langu linajaa hewa, na choo sipati siku tatu.

Tulisoma barua hizo muda mrefu tukidhani ni mambo mawili. Tulimpa munganga swali la mwezi, na swali la choo tuliliacha, kwa kuona haya kulisema kwenye mikro. Ndipo muuguzi mmoja aliyekuja studio akatuambia: ninyi mnasoma nusu ya barua.

Tueleze kadiri tulivyoelewa. Homoni ni wajumbe wa mwili. Zinatengenezwa katika tezi mbalimbali, zinatembea na damu, na kila moja ina ujumbe wake. Homoni za mwanamke zinazojulikana zaidi ni mbili, estrojeni na projesteroni, na zinatoka hasa katika vifuko vya mayai. Kazi yake ikiisha, estrojeni haipotei hewani. Ini linaichukua, linaifunga kama furushi, na linatuma sehemu yake pamoja na nyongo mpaka matumboni, ili itoke na choo.

Hapo matumboni ndipo habari inapogeuka. Ndani ya utumbo wetu wanaishi vijidudu wengi kupita hesabu, na wengi wao si adui. Wanamalizia kusaga chakula, wanazuia vijidudu wabaya wasipate nafasi. Baadhi yao wana uwezo wa kufungua lile furushi la ini. Likifunguliwa, estrojeni inakuwa huru tena, inapenya ukuta wa utumbo na kurudi katika damu. Mwaka wa 2011 wataalamu wawili, Claudia Plottel na Martin Blaser, waliwapa vijidudu hao jina lao, estrobolomu. Lakini jambo lenyewe lilianza kuonekana mapema. Mwaka wa 1982 watafiti wa Boston, Marekani, walilinganisha wanawake wanaokula nyama na wanawake wasiokula nyama, wanaoshiba kwa mboga na nafaka. Wale wa mboga walitoa estrojeni nyingi zaidi pamoja na choo, na katika damu yao ilikuwa kidogo zaidi.

Kwa hiyo mama anayekula sombe, matembele, maharage na bukari ya mahindi yasiyokobolewa sana anapata choo kikubwa na chepesi, na homoni iliyokwisha kazi inapata njia ya kutoka. Mama anayekula mkate mweupe na chai ya sukari asubuhi, mchana na jioni, choo kinakaa ndani, na furushi linakaa pamoja nacho. Tunasema hivyo kwa sababu tunaona mjini vijana wanadharau sombe kuwa chakula cha kijijini. Wanajidanganya.

Na njia hiyo haiendi upande mmoja. Homoni nazo zinaamuru tumbo. Projesteroni inalegeza misuli ya utumbo, ndiyo sababu mama mwenye mimba anafunga choo, na wengine wanafunga siku chache kabla ya kuona mwezi. Kisha siku mwezi unapofika, mwili unatoa vitu vinavyokaza kizazi ili kisukume damu, na vitu hivyo vinakaza utumbo pia: dada anaumwa tumbo na kuhara kidogo siku ile ile. Si uchawi, na si chakula cha jirani. Mabinti wengi hawajaambiwa hayo na mtu yeyote.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, ambalo kwa hapa kwetu ni kubwa kuliko estrojeni. Ni unga wetu.

Kuna kisiwa katika ziwa Kivu kinachoitwa Idjwi. Miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Lwiro karibu na Bukavu, walikwenda kule kwa sababu ya rovu, yaani uvimbe wa shingo. Upande wa kaskazini wa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini magharibi walikuwa wachache sana. Kila mtu alijua wakati ule kwamba rovu inaletwa na upungufu wa iyodi, ile ambayo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanaiita madini joto. Basi watafiti wakapima iyodi. Wakakuta ni kidogo pande zote mbili, sawasawa. Kisiwa kimoja, upungufu mmoja, na shingo tofauti. Kwa nini?

Delange na Ermans walifuata swali hilo mpaka jikoni, na mwaka wa 1971 walichapa walichokiona. Tofauti ilikuwa muhogo.

Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu iliyofungwa ndani yake. Mmea unajilinda nayo. Sumu hiyo ikiwa bado imefungwa haidhuru. Lakini mtu akila muhogo usiotayarishwa vizuri, inafika matumboni, na vijidudu wa utumbo wanafanya kazi ile ile tuliyoisema: wanafungua furushi. Safari hii kinachotoka si homoni, ni sianidi. Mwili haulali. Unaichukua sianidi na kuigeuza kuwa kitu kingine kisicho kikali, kiitwacho tiosianati, kisha unakitoa polepole kwa mkojo. Shida ni kwamba tiosianati, ikiwa bado katika damu, inasukumana na iyodi mlangoni pa tezi ya shingo. Mahali iyodi ni nyingi, iyodi inashinda na hakuna neno. Mahali iyodi ni kidogo, inabaki nje. Tezi inakosa cha kutengenezea homoni yake, inavimba kwa kujaribu, na shingo inajaa.

Wababa, hapa ndipo tuliwaomba msizime redio. Homoni ya tezi ya shingo inaendesha kazi ya mwili mzima, na ikipungua kwa mwanamke mnaona haya: anachoka bila kufanya kazi, anaona baridi wenzake wakiona joto, ngozi inakauka, choo kinafunga, uso unavimba asubuhi. Mwezi unakuja na damu nyingi, au unakuja bila mpango, au haupiti kabisa. Mimba haishiki, au inashika na kutoka. Na mtoto akizaliwa na mama aliyekosa iyodi sana, anaweza kuwa na akili isiyokua na masikio yasiyosikia, na hakuna dawa ya kumrudisha. Mwanamke wa namna hiyo mara nyingi anaitwa mvivu. Anaitwa mgumba. Tumesikia hata anaitwa mchawi, kwamba anakula mimba zake mwenyewe. Na wakati ule wote mume anakula unga ule ule, katika sahani ile ile, lakini tezi ya mwanamke ndiyo inayoumwa mara nyingi zaidi, na mimba inaidai kazi zaidi.

Mtu atasema: sisi tunakula samaki, ndakala kila siku, hatuna shida ya iyodi. Tulisema hivyo pia. Lakini samaki wenye iyodi nyingi ni wa bahari. Tanganyika ni ziwa la maji matamu, na ndakala wetu hawawezi kuwa na kile ambacho maji yao hayana kwa wingi. Msiwaache, kwa maana wana faida nyingine kubwa: ili mwili ugeuze sianidi unahitaji kitu kinachopatikana katika chakula chenye nguvu ya kujenga mwili, kama samaki, maharage, karanga na mayai. Mama anayekula bukari ya muhogo kwa sombe bila ndakala hata mmoja amenyang'anywa silaha. Lakini iyodi yenyewe kwetu inatoka katika chumvi.

Zamani chumvi ya ukanda huu ilitoka Uvinza, katika chemchemi za upande wa pili, na ilivuka ziwa kwa mitumbwi kabla mji huu haujaitwa Albertville. Ilikuwa chumvi nzuri ya kuonja, lakini chumvi haina iyodi ya kutosha mpaka mtu aiongeze. Nchi yetu ilianza kudai chumvi yenye iyodi katika miaka ya 1990, na rovu ikapungua sana; wazee wanakumbuka shingo ambazo vijana hawajaziona. Ndiyo sababu tunashangaa tukiona sokoni mtu ananunua chumvi ya kupimwa kwa kikombe, imekaa juani wazi katika gunia, haina jina wala alama. Iyodi inaruka kwa jua, kwa unyevu na kwa moto. Nunua chumvi yenye pakiti iliyoandikwa iyodi, ifunge katika chombo chenye mfuniko mbali na moshi, na uitie chunguni karibu na mwisho wa kupika. Usizidishe pia, hasa mwenye presha. Kidogo kila siku chatosha.

Turudi kwenye muhogo, kwa maana hatutaki mtu atoke hapa akisema redio ya kanisa imekataza muhogo. Muhogo umetulisha vitani. Mwaka wa 2017, watu walipokimbia mapigano ya Wabatwa na Waluba na kujaa pembeni ya mji huu, nani angeishi bila muhogo? Mama zetu waliujua vizuri kuliko watafiti. Waliuloweka majini siku tatu, nne, mpaka ukalainika na kuvunjika kwa vidole, ndipo wakaumenya, wakauanika, wakautwanga. Mle ndani ya maji vijidudu walikuwa wakifungua furushi la sumu nje ya tumbo, na sumu ilikwenda na maji na hewa. Harufu ile kali mnayoijua ni harufu ya kazi yao. Bibi hakujua neno sianidi, lakini alijua siku ya kuutoa.

Hatari inakuja haraka inapoingia. Upande wa magharibi wa nchi yetu, Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Munganga Trolli aliuandika mara ya kwanza mwaka wa 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa na haitarudi tena. Walioumia zaidi ni watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Baadaye, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa na wafanyabiashara wakaanza kuja na malori kutafuta mihogo, wamama walipunguza siku za kuloweka kutoka tatu mpaka moja ili wauze upesi. Ugonjwa ukaongezeka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lori lilikuwa linangoja.

Na hapa kwetu lori linangoja, na baiskeli, na mtumbwi. Mihogo inayoshuka kutoka Nyunzu na vijiji vya barabarani, nani anajua ililowekwa siku ngapi? Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: ukiweza, nunua mihogo mikavu, uitazame na kuivunja, kuliko kununua unga uliokwisha sagwa. Uliolowekwa vizuri ni mwepesi na unavunjika upesi. Ule uliomenywa na kuanikwa tu, bila maji, ni mgumu, na jua peke yake haliondoi sumu yote.

Kama umekwisha kununua unga na una mashaka, iko njia ambayo mtaalamu Bradbury wa Australia aliifikiria, na wamama wa Popokabaka, kule kule Kwango, wameitumia vijijini mwao. Tumeijaribu nyumbani, si kazi kubwa. Tia unga katika beseni. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga mpaka unga ulowe wote. Utandaze juu ya mkeka safi au sinia, mwembamba, usipite unene wa sentimeta moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu inaruka na hewa. Kisha usonge bukari siku ile ile, usiulaze. Ladha haiharibiki, wengine wanasema ni tamu zaidi, na hapo kila mtu ana ulimi wake. Sombe nayo ina sumu hiyo hiyo majanibichi, lakini ikitwangwa vizuri na kuchemshwa sana, sufuria bila mfuniko mwanzoni, haina shida. Sombe ya kuharakishwa ndiyo mbaya.

Sasa tunalo jambo la kukiri.

Mwaka uliopita tulisoma hapa hewani tangazo la dawa. Ilikuwa unga wa majani katika chupa, na mwuzaji alisema inasafisha tumbo na kufungua kizazi. Tulilipwa, na pesa ilinunua mafuta ya jenereta. Hatukuuliza munganga yeyote. Dada mmoja wa kwaya alitusikia. Alikuwa ameolewa miaka mitano, mimba mbili zilitoka, mwezi wake ulikuwa wa damu nyingi, choo kilikuwa kigumu. Alikuwa amekwisha fanyiwa maombi usiku wa kuamkia Jumapili mara nyingi, na mtumishi mmoja alimwambia amefungwa na roho ya bibi yake. Alinunua chupa yetu. Alipoona haimsaidii upesi, jirani akamshauri aitie pamoja na pilipili katika mpira na kujipiga lavema. Aliungua ndani. Alilazwa siku tisa.

Tulikwenda kumtembelea bila kujua chanzo chake. Ni yeye aliyetuambia, kwa upole, kwamba alisikia kwetu. Hatukuwa na neno.

Ndugu, kuhusu lavema tuseme wazi, maana nyumba nyingi zina mpira ule umetundikwa nyuma ya mlango. Utumbo si sufuria ya kusuguliwa. Ukisukuma humo pilipili, tangawizi kali, majivu au sabuni, unaunguza ngozi ya ndani ambayo ni laini kuliko ya mdomo, unaondoa vijidudu walinzi, na unaweza kutoboa. Kwa mama mwenye mimba ni hatari mara mbili. Kwa mtoto mchanga ni hatari ya kifo. Kizazi hakina mlango unaofunguliwa kutoka huko nyuma. Ni vyumba viwili tofauti. Vivyo hivyo vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni kwa kila tumbo linalouma. Hivyo vinaua vijidudu bila kuchagua, na tumbo linabaki kama shamba lililochomwa moto: kinachoota kwanza si mahindi.

Muuguzi yule yule aliyetuambia tunasoma nusu ya barua ndiye aliyemtazama dada huyo shingo. Alimwambia ameze mate, akaona tezi inapanda na kushuka, imejaa. Walipeleka damu yake kupimwa, na jibu lilichelewa, maana kipimo hicho si cha kila mahali na bei yake inaumiza. Homoni ya tezi ilikuwa chini. Walimpima pia choo, wakakuta safura, minyoo inayonyonya damu ukutani mwa utumbo. Mtu anatoka damu kwa chini kila mwezi na minyoo inamnyonya kwa ndani kila siku. Tulishangaa alikuwa bado anaimba.

Tunaomba radhi yake hapa, kama tulivyoiomba uso kwa uso. Tangazo la dawa halitasomwa tena katika redio hii bila munganga wa hospitali kuliona. Jenereta itasubiri.

Wengine watauliza: je, mnasema maombi ni bure? Hatusemi. Tunamwona mama yule wa Injili akipenya katikati ya watu, na tunaamini alichopokea. Lakini angalieni Yesu alichofanya. Hakumwacha aondoke kimya na uponyaji wake. Alisimama, akamtafuta, akamfanya aseme habari yake yote mbele ya watu, kisha akamwita binti. Sisi tunawaombea wamama na hatuwaachi waseme habari yote. Tunawakata katikati mara wanapotaja choo, au damu, au kwamba mume hajaguswa nao tangu Krismasi. Paulo mwenyewe hakuona haya kumwandikia Timotheo juu ya tumbo lake, ndani ya barua ambayo leo tunaisoma altareni.

Basi mama mwenye dalili tulizotaja, aende kituo cha afya na habari yote, pande zote mbili. Amwambie muuguzi: mwezi wangu ni hivi, choo changu ni hivi, tazama shingo yangu. Aombe apimwe damu kama imepungua, na choo kwa minyoo na amiba. Kama anaoga au kufua ziwani, aseme, kwa sababu kichocho cha matumbo kipo katika maji yetu na kina dawa yake, inayopimwa kwa uzito wa mtu. Anayeona damu katika choo asingoje. Anayetokwa damu ya mwezi mpaka kizunguzungu, aende siku ile ile, hata usiku. Anayeharisha maji maji kama ya mchele asiseme ni homoni: katika mji wetu ni kipindupindu mpaka ionekane vingine, aanze kunywa maji ya chumvi na sukari njiani akipelekwa. Na yule aliyepotewa na mwezi kwa sababu alikimbia, alilala njaa, alipungua mpaka mifupa, ajue kwamba mwili wake haukuharibika. Uliona njaa ukafunga mlango wa kuzaa ili umwokoe. Akila vizuri kwa miezi, mara nyingi unafungua.

Na wababa: anayekwenda kupimwa kwa sababu mtoto hapatikani, aende na mume wake. Mara nyingi sana sababu iko kwa mume, au kwa wote wawili. Kumrudisha mke kwao kabla wewe mwenyewe hujapimwa ni dhuluma, hata kama wazee wa ukoo wamekubali na mbuzi amekwisha liwa.

Dada wa kwaya anaendelea. Kidonge chake anakimeza kila asubuhi kwa maji, kabla ya kula, kwa sababu tumbo likiwa na chakula dawa haiingii vizuri. Alilijifunza hilo baada ya kukimeza na chai ya maziwa mwezi mzima bila faida. Damu imepungua, mwezi unakuja kwa siku zake, na choo kimekuwa choo. Mtoto bado. Mume wake ndiye anayekwenda kununua chumvi sasa, na anasoma pakiti.

Juma lijalo, siku ya Alhamisi baada ya masifu ya jioni, muuguzi atakuwa nasi studio kujibu maswali juu ya minyoo na mama mwenye mimba. Wanaoandika barua, waandike zote mpaka mwisho. Tutazisoma zote.